Usimwachie Mbwa Chakula, Mwachie Mtu

Ikifika katikati ya Desemba, mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kimara mpaka Mbezi na Goba, huanza kupungua watu. Wachaga wanakwenda kula Krismasi kwao Kilimanjaro, Wapare wanapanda milimani, Wahaya wanashika njia ndefu ya Bukoba. Mageti yanafungwa kwa kufuli, mapazia yanashushwa, mtungi wa gesi unafungwa. Anayebaki ndani ya uzio ni mbwa. Amewekewa ndoo ya maji na sufuria ya ugali, ameachiwa nyumba ailinde, na wenyewe wameondoka.

Nimekulia katika mitaa hii tangu ilipokuwa bado mashamba ya mihogo na mikorosho. Kwetu hatukuwa watu wa kusafiri sikukuu, kwa hiyo nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ikiachiwa funguo. Nilianza kazi hiyo nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nikaendelea nayo hata nilipopata familia. Nimelisha mbwa wa watu wengi wakati wenyewe wako safari. Yote niliyojifunza kwenye mageti hayo yanarudi kwenye jambo moja: anachokosa zaidi mbwa aliyeachwa nje peke yake ni mtu wa kuja kumtazama. Chakula na maji vinafuata nyuma ya mtu huyo.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mbwa kukaa nje. Mbwa wetu wengi ni wa nje tangu kuzaliwa. Wanalala bandani au chini ya gari, wanajua kivuli cha mwembe kinahamia upande gani mchana, na wana afya zao. Ila mbwa wa nje anayeishi na watu anaonwa mara nyingi kwa siku bila mtu yeyote kupangiwa zamu. Mama akitoka kuanika nguo anaona ndoo imepinduka. Mtoto akirudi shule anaona mbwa anachechemea. Baba akiingia usiku anauliza mbona leo mbwa hakuja getini. Siku familia inapopanda basi, macho yote hayo yanaondoka nayo, na hakuna ndoo inayoweza kuziba pengo hilo hata ingekuwa kubwa kiasi gani.

Hili nililiona wazi mwaka ambao jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikwenda Rombo. Alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo, mkubwa, aliyeitwa Simba. Funguo alimwachia kijana mmoja wa mtaani, akamlipa nusu ya fedha, wakakubaliana awe anakuja asubuhi na jioni. Kijana alikuja siku za mwanzo, kisha naye akapata safari yake, akaondoka na funguo mfukoni.

Mwanzoni Simba alimbwekea kila anayepita, kama siku zote. Baadaye mbweko ukageuka kilio kirefu cha kupanda na kushuka, watu wakaanza kulalamika kwamba mbwa anawanyima usingizi. Kisha akanyamaza, na mtaa ukashukuru. Mama yangu hakushukuru. Alikuwa anafagia uwanja, akasimama na fagio mkononi, akaniambia, "Mwanangu, yule mbwa hajabweka tangu jana. Hebu nenda kamtazame."

Nilichungulia kwenye upenyo wa geti. Simba alikuwa amefungwa mnyororo kwenye mpapai, mti ambao kivuli chake hakimfichi hata kuku jua likiwa utosini. Mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye shina mpaka kilichobaki hakifiki hatua mbili. Ndoo ilikuwa imelala ubavu, na udongo uliokunywa maji yake ulikuwa umeshakauka na kupasuka. Ilikuwa saa saba mchana. Alikuwa amelaza tumbo kwenye kishimo alichochimba kwa makucha kutafuta ubaridi wa ardhi, ulimi nje, anahema haraka haraka bila sauti. Nzi walikuwa wamejaa shingoni, mahali mkanda ulipomkata.

Tukampigia mwenyewe simu. Alishtuka, akatupa ruhusa ya kuingia papo hapo. Tukamwita mjumbe awe shahidi, maana kukata kufuli la mtu si jambo la kufanya kienyeji, na fundi wa kuchomelea akaja na msumeno wake. Daktari wa mifugo tuliyempigia alituelekeza tumhamishie kivulini, tummwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na kwenye nyayo, tumpepee, wala tusimwekee barafu. Maji ya kunywa tumpe kidogo kidogo, asije akanywa mengi kwa mkupuo na kuyatapika. Mama akaleta maji kwenye bakuli la bati. Simba alilamba mara ya kwanza kama hajui ni kitu gani. Kisha akaung'ata ukingo wa bakuli, akaushikilia kwa meno, tusilichukue. Jioni daktari alifika mwenyewe, akasafisha kidonda na kumtundikia dripu. Simba alipona.

Daktari yule hakuondoka bila kutufundisha. Binadamu akipata joto hutokwa jasho mwili mzima. Mbwa hana njia hiyo. Jasho lake la kujipoza hutoka kwenye nyayo tu, tena kidogo. Anachotegemea ni kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na kwenye njia ya pumzi, unyevu unageuka mvuke, na joto linatoka nao. Kuhema kunakula maji, hivyo mbwa aliyeishiwa maji ameishiwa pia na namna ya kujipoza. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, pwani yetu hupita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu, na unyevu huo unaufanya mvuke utoke polepole. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41, viungo vya ndani vinaanza kuumia, na muda wa kumwokoa unakuwa mfupi sana.

Kwa hesabu za karatasi, ndoo ya lita 20 inatosha. Mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja hivi kwa siku ya kawaida na zaidi siku za joto, kwa hiyo mtu anagawanya, anaona wiki nzima imepita na maji yamebaki. Lakini mbwa mwenye mnyororo anazunguka, na mnyororo unaikumba ndoo mara ya kwanza anapomkimbilia paka. Isipopinduka, inapigwa jua mpaka maji yanakuwa ya moto, na baada ya siku chache viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani. Ugali nao unachacha kesho yake. Sisimizi wanaujaza, na kunguru, ambao Dar hawana hesabu, wanashuka kwenye sufuria kabla mbwa hajashiba. Mwenye mbwa yuko mbali na moyo wake umetulia, kwa sababu anakumbuka alivyoviacha vyombo vimejaa.

Kuna jirani mwingine ninayemkumbuka kwa heshima kubwa. Alikuwa bibi wa Kiislamu, mtu wa Kilwa. Hakufuga mbwa wala hakutaka mbwa amguse, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Pamoja na hayo, jirani wa ukuta wake alipokuwa safari, bibi yule alikuwa akipitisha mpira wa maji juu ya ukuta na kujaza karai la mbwa wa upande wa pili.

Siku moja nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini anajisumbua na mnyama asiyemtaka hata karibu. Akanisimulia habari iliyopokewa kutoka kwa Mtume Muhammad, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alikuwa safarini, akashikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno apate kupanda, akamnywesha yule mbwa, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Akanisimulia na nyingine, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie mwenyewe. "Mjukuu wangu," akasema, "najisi huoshwa ikatoka. Roho ikitoka hairudi."

Habari ya yule paka ndiyo iliyonijia nilipokuwa nachungulia geti la jirani wa Rombo, kwa sababu inagusa kiini cha jambo hili. Mbwa koko wa sokoni ana taabu zake, lakini ana miguu yake. Akiwa na kiu ataufuata mfereji, akiwa na njaa ataifuata bucha, jua likimzidi atajibanza chini ya kibanda cha mtu. Mbwa wa mnyororo na wa uzio uwezo huo tumemwondolea sisi wenyewe. Kila alichoweza kujifanyia tumekichukua, kwa hiyo kila kimoja tunadaiwa. Wakristo, ambao ndio wengi katika mabasi yale ya Desemba, nao wana neno lao katika Mithali sura ya 12, kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Mateso hayahitaji fimbo. Kufuli na jua vinatosha.

Najua jibu la wenye mbwa, kwa sababu nimelisikia kwenye mageti mengi: mbwa yuko pale alinde. Tulitazame jibu hilo kwa makini. Mbwa hulinda kwa kuita. Anabweka ili mtu aamke, awashe taa, atoke. Nyumba isipokuwa na mtu, hakuna wa kuitika, na mbwa anayebweka usiku kucha kwa upweke anawazoesha majirani kutomsikiliza, hivyo hata usiku wa mwizi watajifunika shuka. Aliyefungwa mnyororo analinda pale mnyororo unapoishia, na mwizi anaweza kupima umbali huo kwa macho tu. Tena wezi wa mjini wanajua kurusha nyama yenye sumu, na mbwa asiyekula tangu juzi hainusi mara mbili. Ukitaka mbwa akulindie nyumba, kwanza mtafute mtu wa kumwangalia mbwa.

Wengine wanaona wamepata dawa: wanamfungulia, wanaacha upenyo chini ya geti, ajitafutie mwenyewe mpaka warudi. Hapo wamelihamishia tatizo kwa majirani. Mbwa anashinda kwenye majalala, anafukuza mbuzi na kuku wa watu, anapigwa mawe, anagongwa na bodaboda, anakutana na mbwa wasiojulikana walikotoka. Kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaong'atwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini unazuilika. Chanjo ya kwanza kwa binadamu ilitolewa Ufaransa na Louis Pasteur mwaka 1885, na tarehe aliyofariki, 28 Septemba, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa achanjwe kwa tarehe zake, na yeyote aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyohiyo. Anayemwachia mbwa asiyechanjwa azurure wakati yeye yuko sikukuu, akirudi na kuambiwa kuna mtoto ameng'atwa, asiseme hakuwepo.

Basi mtu afanye nini? Nililiona jibu zuri kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anakwenda Mwanza kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alikuwa na mbwa jike mzee, mweusi, mwenye mvi mdomoni. Kabla hajakata tiketi aliniita. Akanitaka niwe naenda kila jioni wakati yeye mwenyewe bado yupo, nimimine chakula kwa mkono wangu mbele yake, ili mbwa ajue kwamba mkono huu nao ni wa nyumbani. Maji aliyaweka kwenye mabeseni mawili ya saruji aliyotengenezewa na fundi, mazito yasiyopinduka, moja upande wa mashariki wa nyumba na jingine magharibi, ili saa zote moja liwe kivulini. Mnyororo aliuondoa kabisa. Juu ya bati la banda alitandika makuti. Katika bahasha aliniwekea kadi ya chanjo, namba ya daktari wa mifugo, fedha ya dagaa na dona, na nyingine ya dharura. Kisha akanipa agizo moja tu: "Usimimine chakula ukaondoka. Kaa naye mpaka amalize."

Jioni ya kwanza mbwa yule hakugusa chakula. Alikaa ameelekea geti, masikio mbele, na kila bajaji iliyopita aliinuka kisha akakaa tena. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya baraza nikisoma gazeti. Giza lilipoingia alikuja taratibu, akanusa kiatu changu, akala. Kuanzia hapo nikaelewa agizo la mwalimu. Mtu anayemimina na kuondoka anaona sufuria. Anayekaa anamwona mbwa. Anaona kama anakula kwa hamu au anabagua, kama anakanyaga vizuri, kama macho yana tongotongo. Jioni moja nilimwona anainamisha kichwa upande mmoja na kukitikisa. Nilipofunua sikio nikakuta kupe wamejipanga kwenye mkunjo. Nikampigia daktari, kwa kuwa kupe huleta homa zinazomaliza damu ya mbwa kimyakimya, na dawa ikapatikana mapema. Mtu wa kumimina na kuondoka angegundua siku mbwa ameshindwa kuinuka.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri nasema hivi. Tafuta watu wawili, wasiwe mmoja, na kila mmoja awe na namba ya mwenzake, ili mmoja akipata udhuru mwingine ashike zamu. Walipe vizuri na uwaachie fedha ya chakula mbali na malipo yao, wasije wakalazimika kuchagua kati ya mbwa wako na watoto wao. Omba picha ya mbwa kila siku kwenye simu, mbwa mwenyewe akionekana, siyo bakuli. Waoneshe namna ya kumpima: vuta ngozi ya juu ya mabega kisha uiachie, ikikawia kurudi mahali pake, anaishiwa maji, funua mdomo utazame ufizi, ukiwa mweupe au mkavu, mpigie daktari. Mwambie mjumbe na majirani wa ukuta kwamba umesafiri na nani ana funguo. Na waombe jambo moja ambalo mama yangu alilijua bila kufundishwa: wakiona mbwa amenyamaza ghafla, waende wakamtazame.

Hayo yote yana gharama yake kifedha. Yanachodai zaidi ni kuanza mapema, kabla ya pilikapilika za kufunga mizigo, na kukubali kwamba mbwa ni mmoja wa wale ambao safari yako inawagusa. Mimi nimeshika funguo za watu kwa miaka mingi, na sijawahi kuona mbwa aliyepatwa na makubwa nyumba ikiwa na mtu mzima anayeingia kila siku na kukaa naye. Waliopatwa walikuwa wale walioachiwa vyombo vilivyojaa.

Desemba hii, kabla hujakata tiketi, hakikisha umeshampata mtu huyo na mbwa wako ameshamzoea. Ukimkosa, mpeleke mbwa kwa ndugu au rafiki mwenye nafasi, au punguza siku za safari. Na kama kila mwaka unamkosa, usifuge mbwa.